Samaki wa Ziwa Tanganyika Wanaishi Wapi Hasa?

Anayelitazama Ziwa Tanganyika kwenye ramani huona utepe mrefu wa buluu, takriban kilomita 670 kutoka ncha ya kaskazini karibu na Bujumbura hadi Mpulungu upande wa kusini, na ni rahisi kudhani kwamba utepe wote huo ni makazi ya samaki. Sivyo. Ziwa hili lina kina cha mita 1,470 mahali palipo na kina kirefu kuliko pote, lakini oksijeni haishuki zaidi ya mita 100 hivi upande wa kaskazini na mita 200 na ushei upande wa kusini. Chini ya hapo kuna maji mazito yasiyo na hewa, yenye salfidi ya haidrojeni, ile gesi inayonuka kama yai viza, na hakuna samaki anayeweza kukaa humo. Kila dagaa aliyeanikwa kwenye mchanga wa Kigoma, kila mgebuka aliyechomwa Uvira au Kalemie, ametoka katika tabaka jembamba lililo juu, ambalo ukililinganisha na ziwa lote ni kama malai juu ya sufuria ya maziwa.

Nchi nne zinagawana ziwa hili: Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina takriban asilimia 45 ya eneo lake, Tanzania 41, Burundi 8 na Zambia 6. Mgawanyo huo ni wa uso wa maji. Tabaka lenye uhai halikugawanywa hivyo, wala haliwezi kugawanywa, na sababu yake inaanzia kwenye upepo.

Kuanzia Mei hadi Septemba, upepo wa kusi huvuma kwa nguvu kando ya urefu wa ziwa na kuyasukuma maji ya juu, yaliyo na joto, kuelekea kaskazini. Maji hayo yakirundikana upande wa Burundi, mpaka unaotenganisha maji ya juu na ya chini huzama kule na kuinuka upande wa Zambia, na maji ya chini yenye naitrojeni na fosforasi hupata nafasi ya kupanda karibu na uso. Upepo ukilegea, yale yaliyosukumwa hurudi, kisha hupitiliza, kisha hurudi tena, mfano wa maji kwenye karai lililoinuliwa upande mmoja na kuachiwa ghafla. Mtu aliye kwenye mtumbwi haoni kitu, kwa kuwa mawimbi hayo yako ndani ya ziwa na mzunguko wake mmoja huchukua wiki tatu hadi nne. Lakini ndiyo yanayotandaza virutubisho. Mwani hustawi palipofikiwa na virutubisho, viumbe wadogo wanaoelea hula mwani, dagaa huwala viumbe hao, na migebuka humla dagaa. Chakula cha dagaa wanaovuliwa katikati ya ziwa kwa hiyo kinaweza kuwa kimetokana na upepo uliopiga pwani ya Zambia wiki kadhaa kabla.

Dagaa wenyewe nao hawana nchi. Uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 kuhusu aina inayovuliwa zaidi, ambayo wanasayansi huiita Stolothrissa tanganicae, haukuona mgawanyiko wowote wa maana kati ya dagaa wa kaskazini na wa kusini: ni kundi moja linalochanganyika ziwa zima. Ikiwa ni kundi moja, hakuna nchi inayoweza kujua wingi wake kwa kuchungulia sehemu yake tu. Burundi inaweza kupata mavuno mazuri mwaka ambao dagaa wamepungua ziwani kwa jumla, kwa sababu tu chakula kilisogea kaskazini, na Zambia ikalia njaa mwaka ambao ziwa limejaa. Kila serikali ikiandika taarifa yake kwa uaminifu kamili, taarifa hizo nne bado zinaweza kupotosha.

Na hata uaminifu huo una vikwazo vyake. Samaki yuleyule anayeitwa dagaa Kigoma huitwa ndagala Burundi na kapenta Zambia. Mgebuka wa Tanzania ni mukeke kwa Warundi na buka buka kwa Wazambia. Hilo la majina ni dogo, kwani mfasiri mmoja anatosha. Ugumu zaidi upo kwenye mizani: kilo ya dagaa wabichi na kilo ya dagaa wakavu ni vitu viwili tofauti kabisa, na afisa anayeandika magunia yaliyopakiwa kwenye boti hapimi kitu kimoja na mwenzake anayeandika ndoo zilizoshushwa alfajiri. Aidha, usiku wa mbalamwezi wavuvi wa taa hupumzika, kwa kuwa mwanga wa mwezi huwatawanya dagaa ambao taa ingewakusanya. Mtu akichukua takwimu za wiki moja ya giza na kuzizidisha kwa nne apate mwezi mzima, ameshavua samaki wengi kwenye karatasi ambao hawakuvuliwa ziwani.

Ndiyo maana hatua kubwa ya kwanza ya ushirikiano katika ziwa hili haikuwa kukataza chochote. Ilikuwa kuhesabu kwa pamoja. Mwaka 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Finland, lilianzisha mradi wa utafiti ulioziunganisha nchi zote nne, vituo vyake vikuu vikiwa Bujumbura, Kigoma na Mpulungu. Machi 1995 wavuvi wote wa ziwa walihesabiwa kwa wakati mmoja, mwalo kwa mwalo, yaani kila mahali vyombo vinaposhusha samaki, na ikapatikana idadi ya karibu 45,000. Maneno “kwa wakati mmoja” hapa yana uzito wake. Wavuvi wa Tanganyika huhama na samaki, hupiga kambi, huvuka kwenda kuuza upande wa pili, na sensa inayofanyika Tanzania mwezi huu na Kongo mwezi ujao inaweza kuuhesabu mtumbwi mmoja mara mbili au isiuone kabisa. Sensa kama hiyo iliporudiwa mwaka 2011, idadi ya wavuvi ilikuwa imeongezeka takriban mara mbili.

Mradi huohuo ulikuwa na meli ya utafiti iliyoitwa Tanganyika Explorer, ambayo kati ya 1995 na 1998 ilizunguka ziwa ikipima samaki kwa mawimbi ya sauti. Kanuni ya kipimo hicho ni nyepesi kuieleza: chombo kilicho chini ya meli hupeleka mlio majini na kusikiliza mwangwi, kundi la samaki hurudisha mwangwi wa namna moja, samaki mkubwa aliye peke yake wa namna nyingine, na kwa kukata ziwa kwa mistari mingi kutoka pwani hadi pwani mtafiti hukadiria uzito wa samaki walio chini yake. Faida yake ni kwamba haitegemei mvuvi. Takwimu za mavuno zina kasoro moja ya hatari, nayo ni kuwa mvuvi hushindana na uhaba: samaki wakipungua huongeza taa, huongeza urefu wa wavu, huenda mbali zaidi, na mavuno yake yakabaki yaleyale kwa miaka kadhaa huku ziwa likiisha. Mwangwi hauongezi taa.

Lakini ili mistari hiyo ikatwe kutoka pwani hadi pwani, meli lazima iruhusiwe kuvuka mipaka. Inafaa kukumbuka ni miaka ipi tunayoizungumzia. Burundi iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwishoni mwa 1993, na mwaka 1996 vita vilizuka mashariki mwa Kongo, Uvira ikiwa miongoni mwa miji ya kwanza kuguswa. Kwamba watafiti wa nchi nne waliendelea kubadilishana vipimo vya joto na upepo katika hali hiyo ni jambo ambalo, kwa maoni yangu, halijapewa heshima inayostahili. Kilichofuata kinasikitisha kwa namna ya kawaida zaidi: mradi ulipokwisha, fedha zikaisha, na mfululizo wa vipimo vya ziwa zima ukakatika. Tangu wakati huo maarifa yetu yana viraka, kiraka kizuri hapa cha miaka mitatu, kingine pale cha mitano, kulingana na mfadhili alivyokuja na kuondoka.

Viraka hivyo, hata hivyo, vimetosha kuonyesha jambo ambalo halikutazamiwa wakati mradi unaanza. Mwaka 2003 jarida la Nature lilichapisha utafiti ulioonyesha kwamba maji ya Tanganyika yalikuwa yamepata joto na kwamba uzalishaji wa mwani huenda ulikuwa umeshuka kwa takriban asilimia 20. Sababu inarudi palepale kwenye tabaka. Maji ya juu yakizidi kupata joto huwa mepesi zaidi kuliko yale ya chini, na upepo uleule wa kusi hauwezi tena kuyachanganya kama zamani. Virutubisho hubaki kilindini, na oksijeni nayo haishuki kwa kina kilekile. Mwaka 2016 utafiti mwingine, uliosoma mashapo ya chini ya ziwa kama mtu anavyosoma kurasa za daftari la zamani, ulikadiria kwamba katika maeneo yaliyochunguzwa asilimia 38 ya sakafu yenye oksijeni ilikuwa imepotea tangu 1946. Mabaki ya samaki na konokono katika mashapo hayo yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujaanza katikati ya karne iliyopita.

Asilimia 38 inaweza kuonekana kubwa mno kwa mabadiliko ya mita chache za kina, kwa hiyo ni vyema kueleza inatoka wapi. Ziwa Tanganyika liko ndani ya Bonde la Ufa, na kuta zake sehemu nyingi hushuka wima kama ukuta wa kisima. Sakafu ambayo samaki wa chini na konokono wanaweza kuishi ni ukanda mwembamba tu unaolizunguka ziwa, kuanzia ufukoni hadi pale oksijeni inapoishia. Mstari wa oksijeni ukipanda, ukanda huo hukatwa kutoka chini, na palipo na mteremko wa wastani hata mita chache za kina hula eneo kubwa. Mvuvi aliye juu hana njia ya kuliona hilo. Atasema samaki wamehama, na kwa kiasi fulani atakuwa amesema kweli.

Katika ukanda huo ndipo wanapoishi samaki walioufanya mji wa Kigoma ujulikane na wataalamu wa baiolojia duniani: jamii ya sikilidi, takriban aina 250, karibu zote zikiwa hazipatikani kwingine popote. Tabia yao ni kinyume kabisa cha ile ya dagaa. Baadhi yao hawaondoki kwenye miamba waliyozaliwa. Ghuba moja ya mchanga inatosha kuwatenganisha na ndugu zao wa miamba ya pili hadi rangi zao zikawa tofauti. Kuhe, mkubwa kuliko wote, ambaye Wazambia humwita nkupi, hutaga mayai kwenye sakafu, na wazazi wote wawili huwalinda watoto. Kokoro, ule wavu wa kukokotwa, likiburutwa mahali hapo, lililochukuliwa si samaki tu bali na kizazi chake.

Hivyo wanaposema “makazi ya samaki” wataalamu wa ziwa hili wanazungumzia vitu viwili vyenye vipimo tofauti, na nadhani sehemu kubwa ya mkanganyiko katika mijadala ya uhifadhi inatokana na kutovitenganisha. Makazi ya dagaa na migebuka ni maji yenyewe, yanayoyumba kwa upepo, na hayapimiki wala kusimamiwa ila kwa ziwa zima. Makazi ya sikilidi ni mwamba huu na ghuba ile. Yanaweza kulindwa na kijiji kimoja, na yanaweza kuharibiwa na mto mmoja.

Mto huo huleta udongo. Miteremko ya mashariki na kaskazini mwa ziwa, hasa ndani ya Burundi na sehemu za Kigoma na Uvira, imelimwa hadi juu, na mvua kubwa huusomba udongo moja kwa moja hadi majini. Tope likitua juu ya mwamba hufunika mwani ambao samaki wa miamba huula na kuziba mianya wanamojificha na kuzalia. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti waliolinganisha fukwe zilizo chini ya misitu na zile zilizo chini ya mashamba wamekuta aina chache za samaki na viumbe wadogo pale penye tope. Mradi wa pili wa kikanda, wa bioanuwai, uliofanya kazi kati ya 1995 na 2000, ulitenga kazi maalumu ya kuchunguza udongo huo. Ajabu moja iliyoonekana ni kwamba Mto Malagarasi, mkubwa kuliko yote inayoingia ziwani kutoka Tanzania, hauleti madhara yanayolingana na ukubwa wake, kwa sababu hupita kwanza katika ardhi oevu pana yenye mafunjo ambayo huuchuja. Vijito vidogo vinavyoporomoka kutoka milimani, ambavyo havina majina kwenye ramani nyingi, ndivyo vyenye kudhuru zaidi. Ardhi oevu ya Malagarasi-Muyovozi inatambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhi oevu, tangu mwaka 2000. Iko mbali na ziwa, na wachache wangeitaja kama makazi ya samaki wa Tanganyika, lakini bila hiyo tope jingi zaidi lingefika ziwani.

Kutokana na kazi ya miradi hiyo miwili ndipo nchi nne zikatia saini, tarehe 12 Juni 2003 jijini Dar es Salaam, Mkataba wa Usimamizi Endelevu wa Ziwa Tanganyika. Mkataba huo unagusa uvuvi, uchafuzi, udongo unaosombwa na bioanuwai kwa pamoja, na unazitaka nchi zijulishane mapema kabla ya kuanzisha shughuli inayoweza kudhuru upande wa jirani. Mamlaka ya Ziwa Tanganyika iliundwa mwaka 2008, makao yake yakiwa Bujumbura, chini ya baraza la mawaziri wa nchi wanachama. Msomaji asidhani kwamba Mamlaka ina boti za doria au maafisa wa kukamata makokoro. Haina. Inaandaa, inaratibu, inakumbusha. Anayekamata ni afisa wa nchi husika, kwa sheria ya nchi husika. Hoja ikikubaliwa Bujumbura inabaki kusubiri kanuni nne zitungwe katika miji mikuu minne, kwa Kifaransa huku na kwa Kiingereza kule, ingawa wanaozisubiri mialoni kutoka Kigoma hadi Uvira na Kalemie wanaelewana kwa Kiswahili.

Matunda yanayoonekana zaidi ya mfumo huu ni kupumzisha ziwa. Mwaka 2021 nchi hizo zilikubaliana juu ya hati ya pamoja ya hatua za uvuvi, ikiwamo kusimamisha uvuvi kwa miezi mitatu kila mwaka, na mwaka 2024 Tanzania ilifunga upande wake kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti, katika mikoa ya Kigoma, Katavi na Rukwa. Kibaiolojia uchaguzi huo una mantiki. Miezi hiyo inaangukia ndani ya msimu wa kusi, virutubisho vinapopanda, na dagaa ni samaki wa maisha mafupi, ya mwaka mmoja hivi, anayekua na kuzaa haraka. Akiachwa miezi mitatu anajibu upesi. Ni wazi pia kwa nini nchi moja isingeweza kufanya hivyo peke yake: dagaa waliosazwa Kigoma Juni wangeweza kuvuliwa upande wa Kongo Julai. Gharama zake ni za haki kutajwa vilevile, maana kwa kaya za mialoni miezi mitatu bila uvuvi ni miezi mitatu bila kipato na bila kitoweo, na wanawake wanaokausha na kuuza dagaa hupoteza kazi siku ileile ambayo wenye vyombo wanapoteza yao.

Kwa samaki wa miamba, kufungwa kwa ziwa kunasaidia kiasi. Makokoro hupumzika, lakini tope haliombi leseni ya uvuvi. Wanaosaidiwa zaidi ni wale walio katika maeneo yaliyotengwa: Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Mahale, iliyoanzishwa 1985, ina ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukoni ambamo uvuvi hauruhusiwi, na Nsumbu upande wa Zambia nayo inajumuisha maji ya ziwa. Pembezoni mwa hifadhi hizo, vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo wengi huviita BMU (kifupi cha Kiingereza cha Beach Management Unit), vimeanza kutenga mazalia ya kijiji na kuyalinda kwa sheria ndogo. Kwa kiwango cha mwamba na ghuba, hizi ni hatua zinazolingana na ukubwa wa makazi yenyewe.

Ukiniuliza ni wapi ushirikiano umekwama, sitataja uvuvi kwanza. Mvuvi anaonekana, taa zake zinahesabika kutoka nchi kavu, chombo chake kina namba, na wizara inayomsimamia inajulikana. Mkulima anayelima kuanzia juu kushuka chini kwenye kilima kilicho kilomita 40 kutoka ziwani hajui kwamba yuko ndani ya makazi ya samaki, na afisa kilimo wake hakuwahi kukaa meza moja na afisa uvuvi, sembuse na afisa wa nchi jirani. Mkataba wa 2003 unamtaja, lakini bajeti, doria na matangazo ya redio vimeelekezwa mwaloni. Marufuku ya uvuvi huisha katikati ya Agosti, taa zikarudi ziwani usiku huohuo. Mvua za kwanza kwenye milima ya Burundi na Kigoma huanza wiki chache baadaye, mashamba yakiwa yameshatifuliwa kwa ajili ya kupanda, na vijito visivyo na majina huanza kugeuka rangi.